Mwalimu wa Viwavi Anajibu: Mtoeni Jikoni

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zina kiwavi ndani yake. Sishangai. Ni vuli ya Ulaya, siyo vuli yetu ya mvua bali ile ya majani kupukutika, na hii ndiyo miezi ambayo viwavi wakubwa huteremka kwenye mimea yao na kukatiza njia za watu wakitafuta pa kulala hadi mwakani.

Kwa wasomaji wapya: nilifundisha sayansi shule ya msingi wilayani Muheza kwa miaka 14. Sasa napika kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Reading, Uingereza, na nyuma ya nyumba yangu kuna kibanda cha mbao chenye makopo 31 ya aiskrimu. Kila kopo lina mwenyewe. Nikisema nondo sisemi zile za zege, nasema ndugu wa kipepeo arukaye usiku.

*

*Shikamoo Mwalimu. Jumamosi nilikuwa natembea na mwanangu wa miaka saba kando ya mfereji hapa Leicester, tukakuta mdudu wa kahawia, mnene kama kidole cha shahada, ana macho manne na kipembe mkiani. Mtoto alipomgusa na kijiti akavimba, akawa kama nyoka. Mimi nilirudi nyuma, mtoto akambeba. Sasa yuko kwenye kopo jikoni. Tumempa letusi, kabichi, hata tango, hali kitu. Usiku kucha tunamsikia anakwaruza. Ana sumu? Nifanyeje asife? Mtoto ameshampa jina.*
— Mama wa mtoto mmoja, Leicester

Marahaba, mama. Hana sumu, haumi, na kile kipembe hakichomi. Waingereza humwita nondo-tembo, kwa kuwa kiwavi wake akinyoosha shingo kutafuta majani, ile sehemu nyembamba ya mbele hupapasa huku na huku kama mkonga. Na yale macho si macho. Ni madoa ya ngozi, jozi mbili, nyuma ya kichwa chenyewe. Akishtuka anakirudisha kichwa ndani, madoa yanatuna, na ndege aliyekuja kutafuta chakula anajikuta ametazamana na nyoka. Wewe ulirudi nyuma, na ndege hufanya vilevile.

Hali kwa sababu amemaliza kula. Tangu katikati ya kiangazi alikuwa kwenye ule mmea wenye maua ya waridi yaliyopanda kama mkuki, uliojaa kando ya mifereji na reli za huko kwenu, au kwenye fuksia ya bustani ya mtu. Akishafika sentimita 8 hivi, hamu ya chakula inakatika na miguu inaanza. Kule kukwaruza usiku ni kutafuta maficho. Mpe maficho leo hii, usingoje kesho, maana kila saa anayozunguka kwenye plastiki anamaliza nguvu ambazo angezitumia kujigeuza.

Chukua kopo pana, weka udongo usio na mbolea, kina cha vidole vitatu. Ukiufinya ushikane lakini usitoe maji. Juu yake rundika majani makavu. Mwingize, funika kwa wavu, kisha usimfukue. Najua mtoto atataka kuchungulia kila asubuhi, mzuie wiki mbili tu. Baada ya hapo inua majani polepole, utakuta kitu cha kahawia kama tende kavu, urefu wa sentimita 4 hivi. Huyo ni pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ili ajigeuze nondo. Ukimgusa kwa unyoya atakunja tumbo kuonyesha yu hai.

Hapo sasa mama, uwe na moyo mgumu. Mtoe jikoni.

Mwaka wangu wa pili hapa nilipata watatu kama huyo wako. Mimi mtu wa Muheza, kwangu baridi ilikuwa adui, nilikuwa nalala na soksi jozi mbili. Nikawaweka dirishani juu ya kipasha joto, nikiamini nawatunza. Wawili wakakauka, ukiwatikisa wanalia kama njuga. Wa tatu akatoka mwezi wa Januari. Nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta kwenye pazia, waridi na kijani cha zeituni, mpya kabisa, na nje bustani yote imeganda. Hakuna ua hata moja, wala mwenzake popote. Alipiga mabawa kwenye kioo siku nne, ya tano nikamkuta chini. Nililia. Tangu hapo kila anayeniuliza habari ya viwavi vya vuli namwanzia hapa: baridi unayomhurumia nayo ndiyo dawa yake, na joto lako ndilo litakalomuua.

Kiwavi husoma urefu wa siku. Siku zikianza kufupika, mwili wake unapanga kwamba pupa atakayetoka kwake atalala. Usingizi huo unahitaji wiki nyingi za baridi ili uishe kwa utaratibu, ndipo joto la majira ya machipuko limwamshe wakati ule ule maua na wenzake wanapokuwepo. Ukimnyima baridi, hesabu inavurugika. Wengine hukauka wakisubiri, wengine hutoka siku isiyo yao.

Basi kopo liende kwenye kibanda, gereji isiyo na joto, au barazani penye kivuli pasipofikiwa na mvua. Wavu uwe wa chuma, panya wa Leicester nao wanapenda pupa. Nyunyiza maji kidogo sana kila baada ya wiki mbili, unyevu ukizidi ataota ukungu. Mwishoni mwa Aprili simamisha vijiti ndani, kwa sababu akitoka ni lazima apande na kuning'iniza mabawa yajae na kukauka. Akikosa pa kupanda atakuwa kilema maisha yake yote. Mei au Juni, jioni moja, utamkuta. Mrudisheni palepale mferejini.

Na mwambie mwanao jambo hili: nondo huyu huona rangi gizani. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walimfundisha kuchagua ua la rangi fulani kwenye mwanga hafifu kama wa nyota, akaweza. Kwenye mwanga huo wewe na mimi huona kijivu tu.

*

*Mwalimu, salamu kutoka kwa kashamba kangu ka kukodi, mashariki mwa London. Sukuma wiki yangu imeisha. Viwavi wa njano-kijani wenye madoa meusi wamebakisha mishipa tu. Sasa nimeona wengine wametulia ukutani, na kando ya kila mmoja kuna fungu la mayai ya njano. Wanazaa tena! Nimechemsha maji. Nimwage?*
— Mkulima wa wikendi, London

Weka birika chini, ndugu yangu, tafadhali.

Kiwavi hazai. Kiwavi ni mtoto, na mtoto hatagi mayai. Anayetaga ni kipepeo mzima, huyo mweupe mwenye ncha nyeusi uliyemwona akizungukazunguka juu ya sukuma wiki mwezi Agosti. Hayo ya njano ni vifukofuko vya hariri, na ndani yake hakuna mtoto wa kipepeo. Kuna nyigu, mdogo kama sisimizi, asiyeweza kumdhuru mtu. Mama yao alimchoma kiwavi akiwa bado mchanga na kuacha mayai ndani ya mwili wake. Mabuu yakakulia humo, yakila mafuta na maji ya kiwavi huku yakiviacha viungo vya kumweka hai, hadi siku ya kutoboa ngozi na kutoka, 20, 30 au zaidi kwa mara moja. Kila moja likasuka kifukofuko chake. Kiwavi unayemwona kando yao bado anaweza kupumua, lakini hatakuwa kipepeo tena.

Ukimwaga maji ya moto hapo unaua askari wa shamba lako mwenyewe. Waache ukutani. Wale viwavi ambao bado wanakula, waokote kwa mkono, au uwahamishie kwenye ladu, yale maua ya rangi ya machungwa yenye majani ya mviringo ambayo Waingereza hupanda kandokando na kuyala kwenye saladi. Majani yake wanayapenda vilevile. Mwakani funika sukuma wiki kwa neti tangu mwanzo, ukihakikisha jani haligusi neti, kwa sababu akipata pa kutua atataga kupitia matundu.

Nakuelewa lakini. Sisi tumelelewa kumwona kiwavi kama janga. Nilikuwa darasa la tano viwavijeshi walipopita kwenye mahindi ya baba, na nakumbuka sauti yao wakila, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Baba hakusema neno siku nzima. Sitamlaumu mkulima yeyote anayechemsha maji. Nakuomba tu, kabla hujamwaga, chukua kiwavi mmoja mzima asiye na vifukofuko, mweke kwenye kopo na majani ya sukuma wiki, ubadilishe majani na ufute mavi yake kila siku. Atapanda kwenye ukuta wa kopo, atajifunga mshipi wa uzi wa hariri kiunoni kama mkwezi wa minazi, na kugeuka pupa. Kisha mpeleke kwenye ubaridi, kama nilivyomwambia mama wa Leicester.

*

*Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi hapa Utrecht. Njiani chini ya miti nimeokota kiwavi wa njano mbichi, ana vishungi vinne mgongoni kama miswaki na mkia mwekundu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Ila mkono unaniwasha.*
— Mwanafunzi, Uholanzi

Marahaba, mwanangu. Osha mikono kwa sabuni na usijiguse macho. Vinyweleo vyake huwasha watu wengine, si kwa kiasi cha kukupeleka hospitali, lakini kuanzia sasa mbebe kwa jani.

Umeokota kiwavi mwenye jina la heshima. Waholanzi wamempa jina la Maria Sibylla Merian, mwanamke aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, aliyeanza kufuga nondo wa hariri akiwa na miaka 13. Wakati ule wasomi wengi bado waliamini wadudu huzuka tu kutoka kwenye matope na uozo. Yeye akafuga, akangoja, akachora yai, kiwavi, pupa na mwenye mabawa pamoja na mmea anaoula, kila mmoja mahali pake. Alihamia Amsterdam, na mwaka 1699, akiwa na miaka 52, akapanda meli na binti yake kwenda Suriname kutazama wadudu wa huko. Mimi nafikiri sana juu ya mwanamke huyo. Hakuwa na chuo chochote nyuma yake. Alikuwa na masanduku, majani mabichi na subira.

Wako naye ameshateremka mtini kutafuta pa kusuka. Mpe majani makavu, atasuka kifukofuko akichanganya vinyweleo vyake mwenyewe ndani ya hariri, kwa hiyo hata kifukofuko usikishike kwa mkono mtupu. Nje, kwenye baridi, hadi Mei. Na huko Uholanzi kuna kiwavi mwingine ambaye humgusi kabisa: wale wanaotembea kwa msururu kwenye mialoni kuanzia Mei hadi Julai. Vinyweleo vyao huleta vipele vikali na kusumbua macho na kifua. Ukiona msururu, zunguka.

*

*Mwalimu, mimi sina bustani, sina kibanda, nina dirisha moja tu. Na watu wananiambia vipepeo wameshakwisha. Ni kweli?*
— Mfanyakazi wa kiwandani, Coventry

Si kweli hata kidogo. Nenda katafute aivi.

Ni ule mtambaazi wa majani ya kijani kibichi unaofunika kuta kuukuu, makaburi na nguzo. Ukiwa mchanga hauchanui. Ukishapanda hadi kwenye jua na kukomaa, ndipo unapotoa vijiua vya kijani-njano, mviringo kama vichwa vya pini, kati ya Septemba na Novemba, wakati mimea mingine imeshafunga duka. Wadudu wote waliobaki hukutana hapo. Nyuma ya kituo chetu cha basi kuna ukuta wa namna hiyo. Tarehe 11 Oktoba mwaka jana, saa sita mchana, jua limetoka baada ya siku tatu za mvua, nilihesabu amirali wekundu saba kwenye kipande cha ukuta kisichozidi mlango. Amirali ni mweusi, ana ukanda mwekundu uliokatiza bawa na madoa meupe pembeni. Watoto wake hukulia kwenye ule mmea uwashao ambao Wakenya wengi huuita thabai, na ambao nyanya yangu, kama watu wengi wa pwani, aliuita kiwavi. Nimekuwa nikilitafakari hilo: kwake jina moja lilitosha mmea na mdudu, kwa kuwa vyote viwili viliwasha.

Nenda saa sita hadi saa nane mchana, siku ya jua, pasipo na upepo. Asubuhi ni baridi mno kwao. Simama kivuli chako kisiwaangukie. Kisha tafuta mti wa plamu au peasi ulioangusha matunda. Hapo utamkuta yule ambaye ukingo wa mabawa yake umechanikachanika kama karatasi. Akifunga mabawa ni jani kavu kabisa, ila kwenye bawa la nyuma ana alama nyeupe ya mkato, kama wa kwenye sentensi. Wanafyonza maji ya matunda yaliyochacha, na wakishakolea unaweza kuchuchumaa karibu nao bila wao kujali. Angalia tu manyigu wakubwa walioko kwenye plamu hiyohiyo.

Dirisha moja linatosha. Lipeleke peasi lililooza nje kwenye kizingiti chake.

*

*Mwalimu, kipepeo wa rangi ya machungwa ameingia chumbani kwangu na kulala juu ya pazia tangu Septemba. Mama yangu alikuwa akisema kipepeo akiingia ndani mgeni yuko njiani, basi sikumgusa. Juzi tumewasha joto la nyumba, ameamka anaruka. Nimemwekea maji ya sukari. Nimefanya vyema?*
— Dada wa Birmingham

Umefanya kwa upendo, dada, lakini mgeni mwenyewe ni huyo. Alikuja kulala, nawe umemwashia taa na jiko.

Mtazame mabawa. Kama ni rangi ya machungwa yenye mabaka meusi na manjano, na ukingo wenye vijidoa vya bluu, Waingereza wamempa jina la gamba la ng'amba, lile walilokuwa wakichongea vitana na visanduku. Mimi kibandani kwangu namwita kipepeo-ng'amba. Yeye na yule mwenzake mwenye macho ya tausi huingia darini na vyumbani mwishoni mwa kiangazi wakidhani wamepata pango. Wana akiba ya mafuta mwilini ya kuwafikisha Machi iwapo watatulia. Kila dakika anayoruka anaila akiba hiyo, na maji ya sukari yatamfanya aruke zaidi.

Mkamate kwa viganja viwili vilivyofumbwa kama unaposhika kifaranga. Mtie kwenye boksi la karatasi, liweke mahali pa baridi nusu saa atulie. Kisha mpandishe kwenye ukuta au dari ya mahali pasipo na joto wala jua: kibanda, gereji, ngazi za nje zenye paa. Pawe na upenyo wa yeye kutokea majira ya machipuko, na usisahau kwenda kuufungua. Nimewahi kusahau, na Aprili nikawakuta wawili chini ya kioo cha dirisha la kibanda. Tangu siku hiyo nimeandika kwenye kalenda ya jikoni, tarehe 1 Machi: fungua.

*

*Mwalimu, huku Scotland kwenye vilima nimeona viwavi wakubwa wa manyoya, kahawia, wanatembea Oktoba yote. Nataka kufuga watano.*
— Msomaji, Aberdeen

Usifuge. Huyo ni nondo-mbweha. Hapitishi baridi akiwa pupa bali akiwa kiwavi aliyekwisha kukua, amejikunja kwenye majani, na Machi hutoka kuota jua siku chache kisha husuka bila kula tena. Kopo haliwezi kumpa upepo na mvua na jua la mlimani kwa kipimo chake. Nilijaribu na sita, nikazika sita, wote wameota ukungu. Watazame hukohuko walipo.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma gazeti hili kwenye simu, niko kijijini karibu na Amani. Mama yangu alikuwa mfugaji wa vipepeo, wakiuza pupa nje, hadi usafirishaji wa wanyama hai uliposimamishwa mwaka 2016. Vizimba viko bado, vimeota magugu. Naona unaandika kuhusu vipepeo wa Ulaya kila mwezi. Je, kuna hata mmoja ambaye sisi tunaweza kumwona?*
— Kijana wa Usambara Mashariki

Marahaba mwanangu, na barua yako nimeisoma mara tatu. Mwambie mama nampa shikamoo, hata kama kwa umri huenda tunalingana.

Naikumbuka kazi ile. Pupa wa Usambara hangoji. Wiki mbili hivi na ameshafungua mabawa, ndiyo maana akina mama walikimbizana na gari, na gari likikimbizana na ndege, ili wafike Ulaya kabla hawajatoka. Hapa nina pupa wa Septemba ambaye hatatoka hadi Juni. Neno ni lilelile, ila wa kwenu ana pupa kweli na wa hapa hana.

Ndiyo, yuko mmoja. Wako hata wawili.

Wa kwanza Waingereza humwita bibi aliyejipodoa. Rangi ya machungwa iliyofifia, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, hupenda mbigili na uwanda wenye jua. Usimtafute msituni, mtafute kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyolimwa. Yuko Afrika karibu yote, na ndiye msafiri mkubwa kuliko vipepeo wote ninaowajua. Kila mwaka kizazi kwa kizazi hupanda kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara, huvuka jangwa na bahari, hadi kaskazini kabisa mwa Ulaya, kisha wajukuu zao hurudi. Safari nzima ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 15,000, na vizazi hadi sita hupokezana njiani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuonyeshwa njia na mzazi wake.

Kwa miaka mingi watu hapa waliamini wanaokuja huku hufa na baridi, kwa kuwa hakuna aliyewaona wakirudi. Mwaka 2009 walikuja kwa wingi usio wa kawaida. Watu wa kawaida, maelfu, waliandika walichokiona, na watafiti wakaelekeza rada angani kusini mwa Uingereza. Ikaonekana vuli ileile walikuwa wakiondoka, ila juu sana, wastani wa zaidi ya mita 500, jicho haliwaoni, wakichagua upepo unaokwenda kusini. Hesabu yao ilikuwa milioni 11 waliingia Uingereza na milioni 26 waliondoka. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa jikoni kazini, nikatoka nje na aproni yangu, nikatazama juu. Mawingu tu. Lakini walikuwa wanapita, nami niliyekuja peke yangu na sanduku moja nikawa nimesimama chini ya njia yao ya kurudi nyumbani.

Wa pili huna haja ya kwenda mbali. Mama analima viazi vitamu? Geuza matembele jioni. Utakuta siku moja kiwavi mkubwa, kijani au kahawia, ana pembe mkiani. Nondo wake ni wa kijivu, kiuno kina mapete ya waridi na meusi, na ulimi mrefu kuupita mwili wake mwenyewe. Aina hiyohiyo hutufikia huku kila vuli kutoka kusini mwa Ulaya na Afrika. Mwezi uliopita mmoja alikuja kwenye maua ya tumbaku ya jirani yangu saa mbili usiku, anasimama hewani kama chozi anayefyonza ua, na jirani akanigongea mlango nikiwa na kanga. Hapa hawezi kupita baridi. Kwenu anaishi mwaka mzima, na watu wanampiga jembe.

Basi ng'oa magugu kwenye kizimba kimoja tu cha mama. Weka beseni la udongo, kina cha shubiri, na matembele mabichi kwenye chupa ya maji, shingo ya chupa uizibe kwa pamba ili kiwavi asitumbukie. Mweke mmoja. Badilisha majani kila siku. Akiacha kula atazama udongoni, usimguse siku saba, kisha fukua kwa kijiko. Pupa wake utamjua kwa ala ya ulimi iliyojitokeza nje na kujikunja kama mkono wa birika, sijaona nyingine ya namna hiyo. Mrudishe kwenye udongo, andika tarehe, uhesabu siku hadi atoke. Uniandikie hesabu yako, nami nitakuandikia yangu. Waulize na akina mama wenzake wa zamani kama wangependa kuja kutazama.